Kusugua na Kugeuza

Tarehe 4 Februari

Mama Mkubwa, shikamoo.

Kaa kwanza, usisome umesimama. Wamenipa wodi! Ndiyo, mimi, yule uliyekuwa ukimfukuza jikoni kwa kuvunja vikombe. Tangu Jumatatu mimi ndiye muuguzi kiongozi wa wodi ya wanaume, vitanda ishirini na viwili, na funguo za kabati la dawa nimezifunga kiunoni kama ulivyokuwa ukifunga zako. Nilitaka kukupigia simu, lakini simu na masikio yako havipatani, na sitaki mtaa wenu mzima usikie nikipiga kelele. Basi pokea barua, kwa mkono wa dereva yuleyule wa basi la asubuhi.

Siku ya kwanza nilipita kitanda kwa kitanda nikifunua shuka. Wagonjwa sita wana vidonda vya kitandani, vile vya mtu kulalia upande mmoja mpaka ngozi inakufa. Mmoja wao nimeona mfupa. Niliona aibu utadhani ni mimi niliyewalaza hivyo. Mkuu wa wauguzi amenipa bahasha nene ya tafiti na mwongozo mpya, akaniambia, "Soma, halafu uje uniambie utafanya nini." Nasoma hata nikinywa chai. Mengine yaliyomo yananishtua, nitakuandikia.

Na Baba Mkubwa? Miezi saba sasa tangu kiharusi kimlaze. Mgongo wake ukoje? Unaweza kumgeuza peke yako na lile bega lako? Niambie kweli.

Mwanao wa wodini

*

Tarehe 11 Februari

Mwanangu, marahaba.

Nimesoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoamuru, bosi. Kisha nikainuka nikapiga kigelegele, mpaka jirani yangu, mke wa seremala, akaja mbio kuuliza nani anaolewa. Mama yako angekuwa hai leo angejifunga kibwebwe. Nimelia kidogo kwa niaba yake.

Sasa sikiliza. Vidonda sita! Hiyo ni fedheha, na wala si yako, ni ya aliyekuachia wodi hiyo. Miaka thelathini na moja nimeongoza wodi, na vidonda nilivyovipata kwangu havizidi vidole vya mkono mmoja. Uliza yeyote aliyefanya kazi nami. Siri yake unaijua, nilikufundisha mwenyewe: raundi ya migongo, kila baada ya saa mbili, na kusugua. Spiriti kidogo kiganjani, poda, kisha mviringo, mviringo, mpaka damu ipite. Mahali pakianza kukoza, hapo ndipo unaposugua zaidi. Hao wasichana wako wa siku hizi wanaogopa kuchafua mikono, hilo tu.

Baba Mkubwa wako hajambo. Anakula, na ulimi ukimkatalia ananigombeza kwa macho. Ngozi yake laini kama ya mtoto. Ana kadoa kwenye nyonga ya kulia, kamekoza na kana joto kidogo. Nakasugua mara tatu kwa siku badala ya mbili, katanyamaza. Bega langu usiliulize, hilo limezeeka kuliko mimi.

Mama yako Mkubwa

*

Tarehe 16 Februari

Mama Mkubwa, shikamoo.

Asante kwa kigelegele, nimekisikia hadi huku. Nimekutumia mito miwili ya sifongo kwa basi hilihili. Ni ya Baba Mkubwa, ya kumwekea mgongoni na katikati ya magoti ili alale kiubavu kidogo, ile nyonga isiguse godoro kabisa.

Nina jambo la kukuomba ushauri. Hapa wodini kuna muuguzi mmoja mzee, mtu wa heshima zake, mikono yake imeuguza watu wengi. Naye anasugua. Lakini tafiti nilizopewa, na si moja wala mbili, zinasema mahali palipokwisha kukoza hapatakiwi kusuguliwa hata kidogo. Ngozi ikikoza, ikipata joto, ujue chini yake vile vimishipa vidogo vya damu vimebanwa vikaumia. Ukisugua unavipasua zaidi, na kidonda kinaanzia ndani, juu huoni kitu mpaka siku ngozi inafunguka. Kinachosaidia ni kuondoa uzito mahali hapo. Kumgeuza mtu, kumkinga kwa mito, kumweka mkavu, kumlisha vizuri. Spiriti nayo inakausha ngozi ikapasuka.

Sasa mimi nimwambieje mzee wangu huyo? Amenizidi miaka na kazi. Nikinyamaza naogopa mgonjwa wake ataumia, nikisema naogopa nitamvunja moyo. Wewe ungekuwa yeye, ungependa uambiwe vipi?

Kadoa ka Baba Mkubwa kanaendeleaje?

Mwanao

*

Tarehe 25 Februari

Mwanangu, marahaba.

Huyo mzee wako mwache. Alikuwepo kabla ya hizo karatasi, na atakuwepo zikishafungiwa vitumbua. Hao walioziandika, niulizie, wamewahi kusugua mgongo wa nani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi wodi yangu haikuwa na vidonda. Huo nao si ushahidi? Au ushahidi mpaka uchapishwe?

Na jambo jingine. Nimemwomba mwalimu wa hapa jirani anisomee mwongozo wenu, anao mtandaoni. Unasema "tazama wekundu". Wekundu kwenye ngozi ya nani? Ngozi zetu hizi haziwi nyekundu. Zinakoza, zinapata joto, ukibonyeza ni pagumu kuliko pembeni. Ukingoja wekundu utangoja mpaka uone mfupa. Waandikie hivyo, waambie umeambiwa na mtu aliyekula chumvi nyingi.

Mito imefika. Ni mizuri, nimeiweka kwenye viti vya wageni.

Baba Mkubwa wako hajambo.

Mama yako Mkubwa

*

Tarehe 3 Machi

MWANANGU.

NAANDIKA KWA KUSHOTO. BARUA HII IMENICHUKUA SIKU TATU, ANAPOKWENDA SOKONI. MKE WA SEREMALA ATAIPELEKA KWENYE BASI.

NYONGA IMEFUNGUKA. TUNDU KAMA KIFUNGO CHA KOTI. KINANUKA. HAKWAMBII. ANAOSHA, ANASUGUA PEMBENI, HALAFU ANAKWENDA UANI KULIA. ANADHANI SISIKII.

MKONO WA KULIA UMEKUFA GANZI LAKINI NYONGA, MUNGU WANGU, INASIKIA YOTE. KUSUGUA KUNAUMA. SIJAMWAMBIA. ANAPOSUGUA NDIPO ANANISIMULIA HABARI. SIKU NZIMA ANA KAZI, PALE TU NDIPO ANAKAA NAMI.

SITAKI WODI. MTU ALIYESHONA SUTI ZA NUSU YA MJI HAFI KATIKA GAUNI LA HOSPITALI LISILO NA VIFUNGO.

USIMWAMBIE NIMEKUANDIKIA.

FUNDI

*

Tarehe 6 Machi

Mama Mkubwa, shikamoo.

Leo nasema moja kwa moja, kwa sababu kuzungukazunguka kwangu kumemuumiza mtu. Hakuna muuguzi mzee hapa wodini. Mzee niliyemsema ni wewe. Niliogopa kukukosea adabu, nikaona afadhali nimkosee mgonjwa, na huyo mgonjwa ni Baba yangu Mkubwa aliyenishonea sare ya shule kwa mabaki ya suti za watu. Nisamehe. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mgonjwa kwanza, heshima yetu baadaye, na mimi nilipindua.

Ile nyonga imefunguka. Usiniulize nimejuaje. Tafadhali, leo hii, usisugue tena. Pembeni usisugue, wala usitie spiriti. Osha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo yakapoa, funika kwa shashi safi ya kidonda, na asilalie upande huo hata kwa dakika kumi. Akipata homa, au akianza kuchanganyikiwa, usiningoje mimi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Mama Mkubwa, vidonda hivi vinaua. Juzi tumempoteza yule wa mfupa. Alikuwa na miaka arobaini na nne, mkewe alikuwa amemletea redio.

Jumamosi nakuja, nimeomba siku mbili. Nitakuja na dawa za kufungia, na muuguzi wa zahanati ya karibu nimeshamwomba apite.

Kuna kitu kimoja kinaninyima raha. Tafiti zinasema kusugua kunaharibu. Lakini wodi yako haikuwa na vidonda, nami nilikuwepo, nilikuwa mwanafunzi wako, niliona kwa macho yangu. Hizo tafiti haziongopi na wewe huongopi. Sasa imekuwaje? Yale madaftari ya raundi unayo bado kwenye sanduku?

Mwanao anayekupenda, hata ukimnunia

*

Tarehe 20 Machi

Mwanangu, marahaba.

Ulipoondoka Jumapili ile nilikununia siku tatu. Nilisema, katoto nilikokafunga nepi ndiko kanakonifundisha kufunga kidonda! Siku ya nne nikachoka kununa, maana kununa peke yako ni kazi bure. Nikaburuta sanduku.

Madaftari yote yapo, panya hawakuyagusa. Nikavaa miwani nikasoma. "Saa mbili, kitanda cha kwanza, kulia, amesuguliwa. Saa nne, kitanda cha kwanza, kushoto, amesuguliwa. Saa sita, kulia." Kurasa na kurasa, miaka na miaka, kwa mwandiko wangu na wa wasichana wangu. Nikasoma mpaka chai ikapoa, na ghafla nikaona. Ili usugue mgongo wa mtu, lazima kwanza umgeuze. Wasichana wawili kila kitanda, mmoja huku mmoja kule, kila baada ya saa mbili, na shuka zinanyooshwa, na aliyelowa anabadilishwa. Sisi sifa tuliipa mikono iliyosugua. Kazi ilikuwa imeshafanywa na kule kugeuza. Kusugua kumedandia tu.

Hapa nyumbani sina wasichana wawili, nina bega bovu. Tangu Desemba siwezi kumgeuza. Nilikuwa napenyeza mkono chini yake nasugua akiwa amelala palepale, uzito wake wote juu ya nyonga. Niliacha dawa nikashika pambo lake. Mimi! Niliyewahi kumrudisha msichana nyumbani kwa kuacha shuka na mkunjo! Nimelia mwanangu, na safari hii sikwenda uani. Nimelia pale kitandani, akaniwekea mkono wa kushoto kichwani.

Ndipo nikamuuliza jambo ambalo miezi yote hii sikumuuliza, maana mimi ni muuguzi na muuguzi anajua. Nikamuuliza kwa nini kila nikijaribu kumwinamisha kushoto anajirudisha kulia. Akaomba kalamu akaandika neno moja: UKUTA. Kushoto anatazama ukuta. Kulia kuna dirisha, na dirishani anaona suruali alizozishona zinapita barabarani. Mke wa seremala na mumewe wamekuja, tumesogeza kitanda katikati ya chumba. Sasa kulia ana dirisha na kushoto ana cherehani yake, na nikikaa pale kushona foronya ananisahihisha kwa kugonga mbao za kitanda. Mara moja maana yake nipunguze mwendo. Mara tatu maana yake nifumue yote. Anagonga mara tatu mno. Mke wa seremala anakuja kila baada ya saa mbili tunamgeuza pamoja, kushoto kisha chali, ile nyonga isilaliwe, na jioni anakuja mumewe. Mito nimeinyang'anya wageni.

Nimefanya ulivyoniagiza. Nimeweka plastiki safi juu ya kidonda nikachora ukingo wake kwa kalamu ya wino mzito. Ya Ijumaa iliyopita na ya leo zote nimekuwekea humu, nimezifuta kwa spiriti upande usio na wino, angalau hapo spiriti imepata kazi. Muuguzi wa zahanati amesema kama hakijapungua ifikapo tarehe nne, alazwe. Nimemwambia fundi. Amegeuza uso.

Halafu, usidhani nimekuwa mjinga. Muuguzi wa miaka thelathini na moja haoni wino kwenye vidole vya mgonjwa wake? Nilijua ameandika. Na huyo "muuguzi mzee" wako nilimjua tangu mstari wa kwanza. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa tena. Ungenipasulia ukweli Februari, ningenuna siku tatu, na tusingefika hapa. Lakini na mimi nilikuficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nawafundisha wengine methali hiyo. Tumekosa wote wawili.

Mama yako Mkubwa

*

Tarehe 5 Aprili

Mama Mkubwa, shikamoo.

Plastiki ya tarehe nne imefika sasa hivi, dereva amenipigia honi mpaka nikatoka na glavu mikononi. Nimezipanga zote mezani, moja juu ya nyingine, nikazielekeza kwenye taa. Nimepima mara mbili kwa rula, halafu nikamwita mkuu wa wauguzi apime yeye, nisije nikawa napima kwa moyo.

Kimepungua upana wa kidole! Na muuguzi wa zahanati ameniandikia kwamba kina chake kimepungua, nyama ni safi na homa hana. Halazwi. Mwambie fundi abaki na vifungo vyake. Mwongezee mayai na maharagwe, ngozi haijengwi kwa chai ya rangi.

Madaftari yako mawili uliyonitumia kwa basi nimewasomea wenzangu asubuhi tunapopokezana zamu. Nilianza na karatasi za utafiti, wakasinzia. Nikafungua daftari, nikasoma "saa mbili kulia, saa nne kushoto", wote wakaamka. Sasa kila kitanda kina karatasi ya kugeuza, na mgonjwa anaulizwa anapenda kutazama wapi. Juu yake tumeandika kwa herufi kubwa: TAZAMA PALIPOKOZA, GUSA JOTO, BONYEZA USIKIE UGUMU. Mkuu wa wauguzi amelituma jambo hilo juu, kwa wanaoandika mwongozo. Vidonda vipya tangu tuanze: kimoja. Kile kimoja kimeniuma, lakini ni kimoja.

Wameniuliza madaftari ni ya nani. Nimesema ni ya muuguzi mmoja mzee. Sikujua kama ungependa wajue na yale ya nyumbani.

Mwanao

*

Tarehe 12 Julai

Mwanangu, marahaba.

Ndani ya bahasha kuna plastiki ya Ijumaa hii. Igeuze utakavyo, iweke kwenye taa, haina mstari. Usidhani nimesahau kuchora. Nimekaa na kalamu mkononi, nikatafuta ukingo wa kuchora, sikuupata. Kumebaki kovu jembamba, linang'aa. Nimeliwekea plastiki na kuitoa hivyohivyo ili uipate. Mke wa seremala amepiga kigelegele, safari hii mtaa mzima ukaja.

Kugeuza tunaendelea, usiwe na wasiwasi. Kovu nalo ni ngozi changa.

Kuhusu wenzako walioulizia madaftari, waambie ni mimi. Usiseme muuguzi mmoja mzee. Sema ni Mama yangu Mkubwa, aliongoza wodi miaka thelathini na moja, alisugua doa la mumewe mpaka likafunguka, kisha akasoma madaftari yake mwenyewe akajirekebisha. Wasipoambiwa yote watadhani kukosea ni kwa wajinga tu, na watakapokosea wao wataficha. Nimewafikiria sana wale wa zamani niliowasugua palipokoza. Huenda kuna niliowaumiza, siwezi kujua. Wote niliwageuza, nalijua hilo. Najifariji kwa hilo siku nyingi, siku nyingine halitoshi.

Nilidhani fundi atafurahi nikiacha kusugua, maana siku hizi amekiri kwangu kuwa kulimuuma. Badala yake alinuna. Basi muuguzi wa zahanati amesema palipo pazima, pasipokoza, mafuta kidogo kwa kiganja chepesi hayana ubaya. Kwa hiyo jioni nampaka mkono wa kulia na kumsimulia ya mtaani. Mwenyewe amedai nafasi hapa chini.

Mama yako Mkubwa

MWANANGU. NIMEPONA NYONGA. FORONYA ZAKE BADO ZINAPINDA.

KILA JIONI ANANIPAKA MKONO ULIOKUFA GANZI. ANANIULIZA, UNASIKIA? NAMGONGEA MARA MOJA, NDIYO. ANACHEKA, ANAENDELEA KUSIMULIA.

KAMA TAFITI ZENU ZINASEMA SIWEZI KUSIKIA, HIYO USIMTUMIE.

FUNDI